Mkanda wa Jezi ya Nahodha

Ukifika mtaa wetu wa Ferris Point leo ukamtaja Stefa Danyluk, hutakosa wa kukwambia kwamba ni mwanamke wa kinyongo, kwamba alimwaibisha nahodha mbele ya dunia nzima kwa jambo lililokwisha pita. Mwache amalize. Kisha mwombe akuonyeshe mkono wake wa kulia, umuulize aliunyoosha lini na kwa faida ya nani. Mimi nilikuwemo ukumbini siku ile. Niliiona mikono ikipanda, na wenye mikono nawajua kwa majina.

Stefa alizaliwa shambani, kaskazini ya jiji la Fort Tremaine, katika nyumba ambayo mezani kilisemwa Kiukraine na Kiingereza kilingojewa shuleni. Mama yake alimfundisha kushona bila maneno. Akikosea, mama alifumua mshono wote na kumrudishia kitambaa. Alipokuja mjini akaajiriwa kiwanda cha makoti ya baridi, akaolewa na Metro, fundi wa reli, mtu mkimya mwenye mabega mapana. Kila jioni ya baridi kali Metro alitoka na mpira wa maji kumwagilia uwanja wa barafu wa klabu ya mtaa, ulio ubavuni mwa kanisa. Kibanda cha uwanja ule, chenye jiko la kuni, ambamo watoto walikaa kuvaa viatu vya barafu, alikijenga yeye kwa mbao alizookota relini.

Metro alikufa kwa moyo. Majira ya baridi yaliyofuata bomba la jiko likashika moto, kibanda kikateketea chote. Tangu hapo watoto wetu walivaa viatu wamekaa juu ya theluji, katika baridi inayopasua mti, wakubwa wakijikaza na wadogo wakilia kwa vidole kufa ganzi. Stefa hakuweza kuliangalia jambo hilo na kukaa kimya. Yeye na rafiki yake Doreen Wachowich wakaanza kukunja pirohi kila Alhamisi katika chumba cha chini cha kanisa. Unga husukumwa, hukatwa duara, hujazwa viazi na jibini, hufinywa pembeni, huchemshwa, hukaangiwa vitunguu. Wanawake wa mtaa walijaa mezani, wakifinya na kusengenya, na pirohi zikauzwa hadi ng'ambo ya mto. Ilichukua miaka, lakini fedha za kibanda kipya zikatimia.

Sasa njoo kwenye kazi yake nyingine. Jiji letu lilikuwa na timu ya hoki ya barafuni, ya daraja la juu kabisa, iliyoitwa Bundi. Jina hilo likikutia hofu ya kisirani, ngoja usikie mengine. Mwaka timu ilipoanza, walimtafuta fundi pale kiwandani wa kushona majina kwenye jezi, wakampata Stefa, wasimwache tena. Kazi aliifanya nyumbani, chumba cha chini, kwa cherehani ya chuma. Mchezaji akiuzwa, Stefa alifumua jina. Akija mwingine, alishona. Alikuwa akisema kwamba yeye ndiye anayezaa na kuzika timu hii.

Lakini mshono uliompa heshima haukuonekana na mtu. Kwenye hoki ya barafuni ngumi ni sehemu ya mchezo: wawili wanatupa glavu, waamuzi wanasimama kando wakitazama. Ujanja wa kwanza ni kumvuta mwenzako jezi ikamfunika kichwa, kisha unampiga akiwa kipofu. Ndiyo maana ndani ya jezi, mgongoni, hushonwa mkanda wa kufungwa kwenye suruali. Mkanda ukishika, jezi haipandi. Ukiachia, umeliwa, na mwamuzi naye anakufukuza mechi nzima. Nahodha wetu, Darcy Kolbeck, alipokuwa kijana kwenye timu nyingine, mkanda ulimwachia akavunjwa taya. Toka aje kwetu hakuvaa jezi ambayo Stefa hakuitia mkanda kwa mkono wake. Kabla ya kila mechi aliubusu ule mshono. Wachezaji wa hoki wana imani kuliko waganga.

Mwenye timu alikuwa Bwana Desmond Rourke, tajiri wa maduka ya samani. Aliinunua Bundi kwa bei ya kutupa, akaanza kulia. Alilia kwamba wachezaji analipa kwa dola za Marekani huku viingilio anakusanya kwa dola yetu, ambayo mwaka ule wa tisini na tano ilikuwa imekonda. Hilo lilikuwa kweli, simpakazii. Lakini sikiliza alichotaka. Jiji limjengee uwanja mpya, wenye vyumba vya kifahari vya kukodishwa makampuni. Mapato ya vyumba yawe yake. Hasara ya kila msimu, wakati uwanja ukingojewa, jiji limlipie. Na akikosa, anahama na timu yake kama mtu anavyohama na kitanda. Faida ya mmoja, hasara ya wote! Na cha kukera zaidi ni kwamba timu hiyo ya hasara ilizidi kupanda bei kila mwaka, kwa sababu kule kusini, kwenye majiji ambayo mtoto hajui barafu ila ya kwenye glasi, matajiri walipanga foleni kuinunua. Biashara gani nyingine inakufa huku inanenepa?

Meya naye alikuwa na uchaguzi mbele yake. Hakutaka kuwa meya aliyepoteza Bundi, wala hakutaka kuwa meya aliyepandisha kodi. Wa kumkata ni nani kama si mnyonge? Baraza likafuta ruzuku za viwanja vya mitaa, likaanza kumlipa Rourke hasara yake kila mwezi. Fedha zetu zilikuwa bado hazijatimia, na tulipokwenda kuomba japo mbao za kibanda, tuliambiwa jiji liko kwenye dharura ya hoki.

Ikaanzishwa kampeni ya kuiokoa timu. Watoto walionyeshwa kwenye televisheni wakivunja vibubu vyao, bibi kizee akatoa pete. Bwana Rourke akasema atazipokea fedha hizo kama ishara ya nia njema, na kwa maandishi madogo ikaelezwa kwamba ishara hairudishwi. Hapo mwenyekiti wa klabu yetu, Orville Penner, mwuza bima mwenye kifua cha kusemea, akapata wazo. Fedha za kibanda zitolewe kwa Bundi. Timu ikishaokoka, alisema, Rourke atatukumbuka.

"Kibanda kitangoja," alimwambia Stefa mbele yetu. "Bundi wakiondoka, hawa watoto watacheza wakimwota nani?"

"Wataviota vidole vyao," Stefa akajibu.

Kuongeza utamu, Alhamisi moja nahodha mwenyewe akaja kanisani, kamera zikimfuata. Akakaa mezani kwetu akala pirohi sahani mbili, mafuta yakimtiririka kidevuni. Akampakata mjukuu wa Doreen na kusema kwa sauti ya kutosha redio: "Mimi siendi popote. Hapa ndipo nitakapozikwa." Wanawake walilia. Stefa pia alifuta macho, kwa kuwa alimpenda kama mwanawe. Akamfungia pirohi za kupeleka nyumbani.

Siku nne baadaye, Lorne Fehr alibisha hodi kwa Stefa. Huyu Lorne ndiye aliyekuwa mtunza vifaa wa timu, mtu wa mtaa wetu, ambaye Metro alimfundisha kusimama kwenye barafu. Alibeba sanduku lililozungushiwa utepe wa gundi mpaka likawa halina pa kufungulia.

"Mama Stefa, hizi za Darcy. Jina na mkanda tu. Za kambi ya kiangazi."

"Za kambi zinafungwa hivi? Umeleta jezi au umeleta maiti?"

"Shona tu, Mama. Usiulize sana."

Stefa akachukua mkasi mbele yake. Ndani zilikuwa jezi mbili za rangi ya mchanga, na kifuani, badala ya bundi, alikuwapo nge mwenye mkia juu. Chini ya nge paliandikwa Mesa Roja, mji wa jangwani. Stefa alizitazama, akamtazama Lorne, naye Lorne akatazama sakafu.

"Tangu lini?"

"Toka kabla ya Krismasi. Wameshatia saini. Wanangoja msimu uishe."

"Kabla ya Krismasi? Na vibubu vya watoto je? Na fedha anazolipwa na jiji kila mwezi?"

"Hayo si yangu, Mama. Wa jikoni haulizwi bei ya nyama."

"Na Darcy anajua?"

Lorne alikaa kwenye ngazi. "Nani unafikiri ameniagiza nije kwako? Wale wana mafundi wao huko, wa mashine za kisasa. Darcy amekataa katakata. Kasema asipovaa mkanda wako hachezi."

Basi hapo ndipo ilipomchoma. Si kwamba timu inaondoka. Ni kwamba yule aliyekula pirohi zake, akapakata mtoto na kuapa kuzikwa hapa, alikuwa tayari ameshapimwa jezi ya kuondokea, na bado alitaka ashonewe na mkono ule ule anaouibia. Kikulacho ki nguoni mwako, wenyewe wanasema, na Stefa alikuwa amekishika mapajani.

Lorne akamsihi asimwangushe. Ameahidiwa kazi huko jangwani, ana watoto watatu. Stefa hakumwahidi lolote. Mkono wake uliozoea kazi ukashona jina, ukashona mkanda, mshono mara tatu kama siku zote, huku kichwa kikichemka. Alipomaliza moja ndipo akajua la kufanya. Mkutano wa klabu wa kupigia kura fedha za kibanda ulikuwa Jumapili.

Jumapili, baada ya misa, chumba cha chini kilijaa. Orville alishamaliza kuhutubia na watu walishapiga makofi. Stefa akasimama, akatoa jezi kutoka mfuko wa unga, akaitandaza mezani.

"Kabla hamjapiga kura, tazameni nguo aliyoshonewa nahodha wenu. Timu imeshauzwa. Imeuzwa kabla ya Krismasi. Mkitoa fedha hizi, mnamchangia mwizi nauli."

Doreen alikuja kushika kitambaa. "Stefa, umeipata wapi?"

"Kaileta Lorne. Yule pale, muulizeni."

Vichwa vyote vikageuka. Lorne alikuwa mlangoni na kofia mkononi. "Mimi," akasema, "sijawahi kuiona hiyo."

Alidanganya mchana kweupe, kanisani, jina la Metro likiwa kwenye kibao cha shaba ukutani juu ya kichwa chake! Stefa alimkazia macho.

Orville akaja polepole, akaigeuza jezi nje ndani, akavaa miwani.

"Mama Stefa, mshono wa mkanda huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na jina hili mgongoni?"

"Nimelishona mimi. Ndiyo kazi waliyoniletea."

"Na huyu nge?"

"Huyo katoka kiwandani."

"Kiwandani!" Orville akainua jezi juu watu waione. "Jamani, hivi katika jiji hili zima yuko mwenye mkono wa kushona hivi asiyekuwa Stefa Danyluk? Miaka yote hii tunajivunia nini?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa maana walimcheka kwa upendo. Waliukubali mkono wake kiasi cha kutokumwamini mdomo wake. Ustadi wake mwenyewe ulisimama kama shahidi wa upande wa pili.

"Tunajua unakipenda kibanda cha marehemu," mzee mmoja akasema kwa upole. "Lakini hadi kutushonea uongo, mama?"

"Nikushonee uongo wewe? Mimi? Suruali uliyovaa nimeipanua kiuno mimi, na sikumwambia mtu kimeongezeka kiasi gani!"

Kicheko kikazidi. Stefa akapaza sauti. "Chekeni! Watoto wako nje kwenye theluji, chekeni! Mtu ana maduka jiji zima, na nyinyi mnamfinyia pirohi! Mnampa kibanda cha watoto mtu mwenye nyumba tatu!"

"Darcy kaapa hapa hapa," Doreen akasema, machozi yakimlengalenga. "Kampakata mjukuu wangu, Stefa. Nimsadiki nani?"

Stefa akamtazama rafiki yake wa miaka yote. Orville akaitisha kura. Mikono ikapanda, safu kwa safu, na wa Doreen ukapanda mwishoni, polepole, lakini ukapanda. Wa kwangu ulibaki mapajani, haukumsaidia kitu.

Jioni Lorne alikwenda kuchukua sanduku. Alisimama barazani, hakuthubutu kuingia.

"Mama Stefa, unisamehe. Wangenifukuza."

"Umekuja kuomba radhi au umekuja kuchukua jezi?"

"Vyote."

"Basi ngoja hapo. Sijamaliza."

Akashuka chini. Lorne aliniambia baadaye kwamba alingoja muda mrefu kwenye baridi, akishangaa kwa nini hasikii cherehani. Stefa aliporudi alimpa sanduku, akafunga mlango. Lorne hakulifungua kukagua. Nani angekagua mshono wa Stefa?

Wiki tatu baada ya sisi kupeleka fedha, Bwana Rourke alitokea kwenye televisheni na kitambaa mkononi. Alisema amejitahidi. Alisema moyo wake utabaki Fort Tremaine. Moyo ulibaki, fedha zilikwenda, na bei aliyouzia timu ingejenga kibanda kwenye kila mtaa wa jimbo na jiko la dhahabu ndani. Tulipouliza za kwetu, wakili wake alituonyesha yale maandishi madogo. Meya alishinda uchaguzi kwa kujisifu kwamba hakukubali kutishwa na matajiri. Lorne naye hakupelekwa jangwani, walikuwa na mtunza vifaa wao. Tumeingizwa mjini mchana, tukiwa tumevaa nguo zetu nzuri.

Na unadhani kuna aliyekwenda kugonga mlango wa Stefa kusema, mama, tulikosea? Watu waliona haya, na mtu mwenye haya hukwepa. Walivuka barabara wasikutane naye. Doreen peke yake ndiye aliyekuja, vuli ilipoanza, akabeba mfuko wa viazi, akasema, "Leo ni Alhamisi." Stefa akafunga aproni. Wakaanza tena, wawili, kisha watano, kwa ajili ya kibanda kile kile. Mwezi wa Desemba hata Orville akajitokeza, akakaa pembeni akimenya viazi bila hotuba.

Usiku mmoja wa Desemba mechi ya Nge wa Mesa Roja ilionyeshwa kwetu kwa mara ya kwanza. Mtu alikuwa amewasha televisheni ya padre juu ya kabati, akaogopa kuizima. Tulijifanya hatutazami. Darcy alikuwa amezeeka kidogo, na ngumi alishaziachia vijana, lakini kipindi cha pili jitu moja la timu pinzani likamsukuma kipa wake, nahodha akatupa glavu. Lile jitu likamshika mgongoni, likavuta. Jezi ya rangi ya mchanga ikapanda kama pazia, ikamfunika kichwa na mikono, na mtangazaji akapiga ukelele kwamba mkanda umeachia. Tulimwona Darcy Kolbeck, tumbo wazi, akirusha ngumi kipofu hewani, akipigwa kutoka asikokujua. Kisha mwamuzi akamwonyesha mlango.

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Orville aliweka kisu chini.

"Mama Stefa, mkanda ule si wako? Mkono wako hauachii."

Stefa alikuwa akifinya pirohi, hakuinua macho. "Ule niliufumua, nikaupiga bandi tu. Uzi wa kushikiza, kwa mkono."

"Angevunjika taya tena!"

"Angevunjika." Akachukua duara jingine la unga. "Alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Akala unga huu. Akaapa, huku anajua timu imeshauzwa. Kiapo chake kilikuwa cha bandi, kikakatika kilipovutwa. Nami nilimshonea cha kwake. Unamhurumia, Orville?"

"Ni binadamu, mama."

"Basi geuka nyuma."

Madirisha ya chumba kile yako chini, usawa wa ardhi, hata mtu wa ndani huona miguu tu ya wapitao. Orville akageuka. Nje ya kioo, chini ya taa ya uwanja, watoto walikuwa wamekaa kwenye theluji, na mjukuu wa Doreen alikuwa akivuta kamba za viatu kwa meno kwa sababu vidole vilikataa.

Orville aliangalia mpaka mtoto yule akasimama. Kisha akakishika kisu kwa mkono wake wa kulia, akaendelea kumenya.